Haongei darasani, lakini mwaloni anahesabu dagaa bila kukosea

Shikamoo Mama Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa Darasa la Kwanza katika shule moja ya serikali kandokando ya Ziwa Victoria, wilaya ya Magu. Nimezaliwa na kusomea Tanga, na hii ndiyo ajira yangu ya kwanza. Kisukuma sikukijua hata neno moja nilipofika. Darasani nina watoto zaidi ya 90. Wengi wao nyumbani ni Kisukuma mtindo mmoja, na wapo wachache wa familia za wavuvi, Wajita na Wajaluo, ambao wanahama kufuata dagaa.

Kinachoninyima usingizi ni binti mmoja. Nitamwita Kabula, ingawa si jina lake. Tangu Januari hajanijibu neno. Nikimwuliza swali anatazama vidole vya miguu yake. Kwenye upimaji wa kusoma wa mwisho wa muhula nilimwandikia sifuri, maana hakufungua mdomo. Lakini Jumamosi moja nilishuka mwaloni, pale ziwani wanapouzia samaki, kununua kitoweo nikamkuta na bibi yake mbele ya chanja la dagaa. Anapima kwa kopo, anapokea hela, anarudisha chenji, na mteja akisita anamtilia nyongeza kidogo ili asiondoke. Yote hayo kwa Kisukuma na kwa sauti ya mtu mzima. Aliponiona akanyamaza.

Shuleni kwetu kuna kibao cha mbao chenye kamba. Mtoto akikamatwa anaongea kilugha anavishwa shingoni, anakaa nacho mpaka amnase mwenzake. Atakayekutwa nacho saa ya kutoka anafagia vyoo. Mwalimu mkuu wetu ni mchapakazi na anaitakia shule mema. Anasema bila kibao watoto hawatajua Kiswahili na matokeo yatashuka. Mwalimu mwenzangu ameanza kuwaambia wazazi waache kabisa kuongea Kisukuma na watoto nyumbani. Na juzi kwenye kikao ilisemwa kwamba Kabula "ana tatizo la akili" na mwakani akariri darasa.

Naomba unishauri. Nifanyeje na mtoto asiyeongea? Je, kibao ni sawa? Wazazi waambiwe nini? Na mimi nisiyejua Kisukuma, nitawasaidiaje watoto ambao lugha yao siielewi?

Mwalimu mgeni, Magu

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kazi. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na nimefurahi kwamba siku ile mwaloni ulimtazama yule mtoto badala ya kununua tu dagaa wako ukaondoka. Walimu wengi hawapati nafasi ya kumwona mwanafunzi wao akiwa hodari.

Nianze na Kabula mwenyewe. Mtoto anayepima kwa kopo, akapokea noti na kurudisha chenji kamili, anajua kujumlisha na kutoa, tena anajua kuliko Darasa la Kwanza linavyodai. Anajua pia kubembeleza mteja, jambo linalotaka lugha ya hali ya juu. Sifuri ile imepima kitu kimoja tu: kama anaweza kufungua mdomo mbele ya umati kwa lugha anayoanza kujifunza, huku kibao kinamsubiri nje. Watu wanaochunguza namna watoto wanavyojifunza lugha ya pili wanakifahamu vizuri kipindi hiki cha ukimya. Mtoto anasikiliza, anakusanya, bado hajawa tayari kutoa. Kwa wengine ni wiki chache, kwa wengine miezi. Ukimlazimisha aseme unakirefusha.

Kwa hiyo mpe njia za kujibu zisizohitaji mdomo. "Nionyeshe kuku." Aonyeshe kwenye picha. "Niletee vijiti saba." Alete. "Simama kama ni kweli, kaa kama si kweli." Watoto wote wafanye pamoja ili asijione yuko peke yake jukwaani. Kila siku fungua kipindi cha kwanza kwa amri za vitendo: simama, ruka, gusa ukuta, mpe mwenzako jiwe, weka jiwe chini ya dawati. Wewe fanya kwanza, nao wafuate. Baada ya siku kadhaa toa amri bila kufanya, utazame nani anatangulia na nani anasubiri kumwiga jirani. Huo ndio upimaji wako wa kusikia Kiswahili, na ni wa haki kuliko ule uliompa sifuri. Akianza kusema, litakuwa neno moja na kwa sauti ndogo. Lipokee kama lilivyo. Akisema "naomba minzi", usimwambie sema vizuri. Mjibu, "Unaomba maji? Haya, nenda ukanywe maji." Amesikia neno lenyewe mara mbili, ameeleweka, na amepata maji. Kesho atalisema.

Sasa kibao. Hapa sitazunguka: kiondoke. Mbinu zote nitakazokueleza hazitafanya kazi katika shule ambayo mtoto anavuna aibu kila anapofungua mdomo. Fikiria anachojifunza mtoto mwenye kibao shingoni mchana kutwa. Hajifunzi neno hata moja la Kiswahili. Anajifunza kuvizia wenzake, na anajifunza kwamba usalama uko kwenye kunyamaza. Kisha tunamshangaa Kabula.

Na si uvumbuzi wetu. Huko Wales, nchi iliyo ndani ya Uingereza, katika karne ya 19 watoto walioongea Kiwelisi shuleni walivishwa kipande cha mbao chenye herufi WN. Kilihama kutoka shingo hadi shingo vilevile kama chenu, na wa mwisho kukutwa nacho ndiye aliyeadhibiwa. Leo Kiwelisi kinafundishwa katika shule za Wales, na kibao kile kinakumbukwa kama doa. Sioni kwa nini sisi tukiokote.

Ukienda kwa mwalimu mkuu usiende na maneno makali, maana umesema mwenyewe anaitakia shule mema. Anza mnapokubaliana: Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia katika shule zetu za msingi za serikali tangu 1967, na wote wawili mnataka watoto wakimudu. Mwambie tofauti yenu ni njia tu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia 1991, unasema katika ibara ya 29 kwamba elimu imjengee mtoto heshima kwa wazazi wake, utamaduni wake na lugha yake. Kumfagilisha vyoo kwa sababu ameongea lugha ya mama yake kunakwenda kinyume na hilo. Kisha usimwombe afute kibao shule nzima kwa mara moja. Mwombe akuachie Darasa la Kwanza pekee kwa muhula mmoja, halafu muwapime watoto kusikiliza, kusema na kusoma kabla na baada. Mwalimu mkuu anayejali matokeo atakubali jambo lenye matokeo ya kuonyesha. Akikataa bado, zungumza na mwalimu wa taaluma, kisha kamati ya shule, kwa utaratibu na bila kumchafua mtu.

Umeuliza utawasaidiaje na Kisukuma hukijui. Mwanangu, hapo una utajiri wa watu 90 mbele yako. Huhitaji kukiongea wewe. Unahitaji kukiruhusu kifanye kazi.

Chukua kipindi cha hadithi. Kabla ya kusoma, onyesha picha na waache watoto wawili wawili waambizane kwa lugha yoyote wanachokiona. Dakika mbili zinatosha. Kisha soma kwa Kiswahili, polepole, ukionyesha vitu kwa mkono. Kumbuka Kiswahili chako cha Tanga kinakwenda mbio kwa masikio ya huku. Ukimaliza sema, "Mweleze jirani yako ilivyokuwa." Darasa litavuma kama soko, na Kisukuma kitakuwa kingi. Kiache. Hapo ndipo maana inapoingia kichwani. Baada yake omba mmoja aeleze kwa Kiswahili, na mwingine aongeze. Sasa ana jambo la kusema, anachotafuta ni maneno tu. Kujua kama wameelewa, wape wachore tukio la katikati ya hadithi. Mchoro hauna lafudhi.

Wapange wanne wanne, na kila kundi liwe na angalau mtoto mmoja anayezimudu lugha zote mbili. Wapo, hasa watoto wa wenye maduka na wale waliowahi kuishi Mwanza mjini, Igoma au Kirumba. Lakini usimgeuze mtoto mmoja kuwa mkalimani wa mwaka mzima. Naye ana masomo yake. Badilisha kila wiki.

Kwenye hesabu anzia anapoanzia Kabula. Leta kokoto na makopo, fanyeni duka la dagaa darasani. Wahesabu kwanza kwa lugha wanayohesabia nyumbani, kisha kwa Kiswahili, na mwisho ndipo uandike namba ubaoni. Siku ya kwanza ya duka mpe Kabula kopo. Usimwambie aseme chochote. Mpe kopo tu, na uwapeleke wateja.

Kuna hazina nyingine ambayo sitaki uikose. Wasukuma wana vitendawili kama sisi sote. Anayetega anasema "Kalagu!" na wanaosikiliza wanaitikia "Kize!" Siku ya Ijumaa, kipindi cha mwisho, waambie watege. Hutaelewa, nao watafurahi sana kwamba mwalimu haelewi. Waombe wakueleze kwa Kiswahili ili nawe ujaribu kutegua. Watahangaika, watasaidiana, watachora hewani kwa mikono, na utasikia Kiswahili kingi kuliko kilichosikika wiki nzima, kwa sababu safari hii wana siri na wewe ndiwe unayeihitaji. Baadaye nawe sema "Kitendawili!" wajue kuitikia "Tega!" Nimeona watoto wakimya kabisa wakifunguka kwenye vitendawili kabla ya kufunguka kwenye kitu kingine chochote.

Usiwasahau wale Wajita na Wajaluo. Darasa likianza kuchangamka kwa Kisukuma, wao wanaweza kuachwa nje mara mbili. Mtoto wa mvuvi anayefika katikati ya muhula, mwezi ukiwa gizani na dagaa wako upande wenu, anaweza kuwa hajui Kiswahili wala Kisukuma. Waweke wawili wa lugha moja pamoja ikiwezekana, na salamu za asubuhi zipite kwa lugha zote zilizomo darasani. Wewe mwenyewe jifunze salamu hizo kutoka kwa watoto. Mwalimu anayesema "Mwangaluka" na kukosea kidogo, akasahihishwa na mtoto wa miaka sita, amewaonyesha kwamba kujifunza lugha si aibu.

Juu ya usahihishaji, kuwa mwangalifu hapa. Kisukuma hakina sauti ya r, wala zile za th na dh. Kwa hiyo utasikia "lafiki", "samani", "zahabu". Mtoto akisoma "lafiki" huku anaonyesha watu wawili walioshikana mikono kwenye picha, huyo amesoma. Amezitambua herufi, ameziunganisha, ameelewa. Kumkata alama kwa lafudhi ni kumhesabia kosa la kusoma ambalo hakulifanya. Sauti hizo zifundishe kwa wakati wake, kwa nyimbo na michezo ya ulimi, darasa zima, bila kumnyooshea mtu kidole. Kwenye kuandika ndipo usisitize tahajia, nako kwa upole. Irabu zitakuwa rahisi: Kisukuma kina saba na Kiswahili kina tano, kwa hiyo wanazopaswa kuzisikia ni chache kuliko walizozoea.

Nisingekushauri uanze kuwafundisha kusoma kwa Kisukuma kwa nguvu zako mwenyewe. Vitabu vya shule ni vya Kiswahili, upimaji ni wa Kiswahili, na wewe hujui kukiandika. Kitumie kwa mdomo, kwenye kuelewa na kueleza. Ukutani weka picha zenye majina ya Kiswahili, na pale maneno yanapokaribiana, kama mbuli na mbuzi, numba na nyumba, watoto wenyewe watakuonyesha kwa furaha.

Kuhusu wazazi, mzuie mwenzako mapema. Bibi yake Kabula akiacha Kisukuma, atamwambia nini mjukuu? Atabaki na maneno machache ya Kiswahili cha sokoni: njoo, leta, nyamaza. Hadithi zitakoma, maelezo ya kwa nini dagaa wanaanuliwa mvua ikinukia yatakoma, utani utakoma. Mtoto atapoteza lugha yenye kina na kupata nyingine isiyo na kina. Mtaalamu Jim Cummins wa Canada alieleza mwaka 1979 kwamba anachokijua mtoto kwa lugha ya kwanza hakikai peke yake. Kinamsaidia kujifunza ya pili. Na tuna ushahidi wa Afrika. Huko Ile-Ife, Nigeria, kuanzia 1970, Profesa Babs Fafunwa na wenzake walifundisha kundi la watoto kwa Kiyoruba miaka yote sita ya shule ya msingi, Kiingereza kikiwa somo. Watoto hao waliwapita katika masomo wenzao waliohamishiwa kwenye Kiingereza baada ya miaka mitatu, na hata kwenye Kiingereza chenyewe hawakuachwa nyuma. Kwetu sera ni nyingine na lugha ni nyingine, lakini hofu kwamba lugha ya nyumbani inaua ya shule haina msingi.

Kwenye kikao cha wazazi waambie hivi: ongeeni na watoto sana, kwa lugha mnayoimudu. Kila jioni mwulizeni mtoto leo amejifunza nini, akueleze kwa Kisukuma. Mwenye Kiswahili kizuri nyumbani akitumie pia, bila kulazimisha. Na mkaribishe bibi mmoja darasani siku moja asimulie hadithi. Watoto waione lugha yao ikikaa kwenye kiti cha mwalimu.

Jambo moja la kukuandaa. Pengine kufikia mwisho wa mwaka Kabula atakuwa anacheza na kugombana kwa Kiswahili, na watu watasema amepona. Kiswahili cha uwanjani kinakuja mapema. Cha vitabuni kinachelewa. Cummins aliwachunguza watoto wahamiaji wa Toronto, akaona kuongea vizuri na wenzao kulichukua kama miaka miwili, lakini kufikia kiwango cha wazawa katika lugha ya masomo kulichukua mitano hadi saba. Kwa hiyo mwalimu atakayempokea Darasa la Pili, na wa Darasa la Tatu ambako maelezo yanakuwa marefu, wajue kwamba bado anahitaji kuelezwa kwa picha, kwa vitendo na kwa jirani wa lugha yake. Waandikie maelezo hayo, usiwaambie kwa mdomo tu.

Limebaki lile la kukariri na "tatizo la akili". Usilikubali likaandikwa popote kabla hujafanya mambo mawili. Kwanza nenda kwa bibi yake, na mtu wa kutafsiri, umwulize: alianza kuongea lini? Anasimulia mambo? Anatumwa vitu vitatu akavikumbuka? Mtoto anayeimudu lugha ya nyumbani hana ulemavu wa lugha. Anajifunza lugha mpya. Kwa uliyoyaona mwaloni, najua utakachosikia. Pili, masikio. Watoto wengi hutokwa usaha masikioni wakiwa wadogo na hakuna anayejali. Simama nyuma yake umwite kwa sauti ya kawaida, uone kama anageuka. Ukiwa na shaka, bibi ampeleke kituo cha afya, nao wakiona haja watampa rufaa kwenda hospitali ya Sekou Toure au Bugando, hapa Mwanza. Mwambie bibi hilo kwa upole, asidhani unamtafutia mjukuu wake ugonjwa.

Ukishapata majibu hayo, mpime Kabula upya kusoma na kuhesabu, mkiwa wawili tu au na rafiki yake mmoja, aruhusiwe kuonyesha kwa kidole na kujibu kwa Kisukuma rafiki akitafsiri. Andika matokeo kwenye daftari lako na tarehe. Ingia nayo kwenye kikao kijacho, uombe ile sifuri ifutwe.

Mama Mwalimu, Mwanza